TV ya kwanza mtaani kwenu ilikuwa ya nani? Wakongwe tukumbushane

Mlingoti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa historia ya TV nchini, vijana wanakimbilia 1994, vituo vya CTN na ITV, utadhani kabla ya hapo tulikuwa tunakodolea ukuta. Naomba niwape taarifa: Magomeni, mwaka 1982, tulikuwa tunaangalia TV ya rangi sebuleni, na Bara nzima hakukuwa na kituo hata kimoja. Serikali ya Mwalimu ilishaona TV ni anasa ya watu wa mjini, pesa bora iende kwenye redio inayofika kijijini. Lakini mawimbi hayapiti forodhani. Zanzibar walikuwa na TVZ yao tangu 1973/74, na kutoka Dar hadi Unguja ni kama kilomita 70 tu, karibu zote maji matupu.

Yetu aliileta baba mdogo, alikuwa baharia, akaishusha kutoka Dubai na risiti zake zote. Kuipata TV haikuwa shida sana. Shida ilikuwa picha. Baba aliunganisha mabomba ya maji, akapandisha antena hadi ikapita mnazi wa jirani, akaifunga kwa waya pande tatu isianguke na upepo wa kusi. Halafu kila jioni: mmoja juu ya bati anazungusha bomba, mmoja dirishani anapokea ujumbe, mmoja mbele ya kioo.

"Vipi?"
"Chenga!"
"Sasa?"
"Sauti ipo, picha hamna!"
"Sasa?"
"Hapo hapo! Usiguse! Aaah, umepitiliza."

Aliyewahi kusimama juu ya bati la Dar saa kumi jioni bila viatu ndiye anayejua thamani ya picha.

Halafu ikaja 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokuwepo wanakumbuka. Watu walitupa mali usiku: sukari, vitambaa, redio, mtu anaogopa hata sabuni zake mwenyewe. Sisi TV yetu ilifungwa blanketi ikapandishwa darini, antena ikateremshwa na yale mabomba yakarudi kuwa mabomba. Risiti ilikuwepo, lakini nani angekaa asome risiti? Ilikaa huko mpaka upepo ukatulia. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa pesa zao, Mzee Ruksa (Rais Mwinyi) akaingia 1985, ndipo TV ikashuka kwa heshima, ikachongewa kabati la mninga lenye milango na kufuli. Ufunguo mama aliufunga kwenye pindo la khanga. Ulitaka kujua kama leo kuna TV, ulikuwa unaangalia pindo kwanza.

Haya, semeni na ninyi. Si lazima TV. Redio, friji, simu, deki ya video, chochote kilichoingia kwenu mtaa mzima ukajua.

---

Mkeka wa Mbele

Nimetandika. Wakongwe njooni, sisi wa 2000 tunasoma tu.

---

Bibi wa Ng'ambo

Ahsante mwanangu Mlingoti kwa kuisema haki ya Unguja, maana wenzetu wa Bara huisahau. Sisi tulikuwa skuli ilipoanza TVZ. Ya rangi tangu siku ya kwanza, hatukupitia nyeusi na nyeupe. Ndugu zetu waliokuwa wamehamia Oman ilibidi wasubiri mpaka Novemba 1974 nao wapate televisheni yao huko Muscat. Tukiwaandikia barua tunawatania, "nyinyi mna mafuta, sisi tuna rangi".

Lakini usidhani kila nyumba ilikuwa nayo. Mtaani kwetu ilikuwepo moja ya watu wote, imewekwa kwenye jumba la tawi, juu kabisa karibu na dari ili mtoto asifike. Magharibi ikishaswaliwa watu wanatoka na mikeka yao, wanaume upande huu, sie wanawake upande ule, watoto mbele. Sie tuliofika mapema tulikuwa tunaangalia ile michirizi ya rangi na ule mlio wake kabla ya matangazo kuanza. Tena tunaangalia kwa makini!

Kilichotupagawisha ni taarab. Taarab tulikuwa tukiijua kwa masikio, kupitia redio. Sasa tunamuona mwimbaji kavaa nini, hereni gani, nywele kasuka vipi. Kesho yake asubuhi fundi wa kushona ana foleni, kila mtu anaeleza gauni la jana kwa mikono. Na kila mmoja ameliona kivyake, basi mishono ilikuwa inatoka tofauti na wote wanaapa ndiyo yenyewe.

---

Mtoto wa Reli

Kwa hiyo watu wa Dar mlikuwa mnakula rangi za Unguja wakati sisi Dodoma, makao makuu ya nchi, hatupati hata chenga? Sisi TV ilipokuja ilikuwa haina kituo, ilikuwa ya deki tu. Mkanda mmoja wa Kihindi mtaa mzima tumeukariri mpaka mahali unapokwama.

---

FundiSolda

Mlingoti umegusa kazi yangu, ngoja nikae vizuri.

Kwanza, kwa nini Dar ilikuwa inapata Unguja: mawimbi ya TV huenda mstari ulionyooka, hayapindi kirahisi kufuata mviringo wa dunia wala hayapendi vilima. Katikati ya Dar na Unguja hakuna kilima. Ukiinua antena juu vya kutosha, umemaliza kazi kubwa. Tena kuna siku hewa ya joto inalala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi yanapinda kidogo na kuambaa na bahari. Ndiyo maana jioni nyingine picha ilikuwa inakuja safi mpaka mnahisi mtangazaji yuko Kigamboni, na kesho yake kwa antena ile ile, bomba lile lile, chenga tupu. Watu walikuwa wanalaumiana bure kwamba nani kagusa bomba.

Pili, kofi. Najua wote mlipiga TV zenu kofi. Lilikuwa linafanya kazi kweli, si uchawi. TV ya chogo, zile nene zenye mgongo nyuma, inapata moto sana ndani, ikizimwa inapoa, kila siku hivyo hivyo. Solda inachoka na kupasuka mviringo mwembamba usiouona kwa macho. Kofi linaigusanisha, picha inarudi. Ila kila kofi linapasua nyingine. Nimekula sana pesa za watu waliopiga kofi.

Tatu, ile plastiki ya rangi. Waliokuwa na TV nyeusi na nyeupe walikuwa wananunua karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye kioo: juu bluu, katikati nyekundu nyekundu, chini kijani. Mwuzaji anakuambia "hii inageuza TV yako ya rangi". Ikionyesha uwanja wa mpira ukiwa mbali, unakubali, mbingu ni bluu na nyasi ni kijani. Akija mtangazaji wa habari, ana paji la bluu na tai ya kijani, na mkewe nyumbani hamjui.

---

Kiroboto wa Mlimani

Salamu kutoka Kenya. Sisi huku TV ya serikali ilianza 1962, kwa hivyo kwa miaka hamwezi kushindana na sisi, lakini ushago, kule kijijini, ilifika kwa mguu.

Kwetu Nyeri ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mkuu, halafu baba akanunua Great Wall, inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe. Nadhani nusu ya Kenya ilianzia kwa Great Wall. Stima hakuna, kwa hivyo inatumia betri ya gari. Betri inabebwa kwa baiskeli mpaka sokoni kuchajiwa, inaachwa huko usiku, unalipa, unairudisha kwa uangalifu maana ile asidi ikimwagika kwa suruali, suruali imeenda. Betri ikianza kuisha, picha haizimi ghafla. Inapungua pande zote, mtu anakuwa mfupi na mwembamba, na kiza kinaingia kutoka kando. Hapo baba anasema zima, tubakishe ya habari ya kesho.

Habari ya Kiswahili saa moja jioni, ya Kizungu saa tatu. Zote mbili zinaanza na Mtukufu Rais: leo ameenda wapi, amesalimia nani, ameenda kanisa gani. Tulikuwa tunajua ratiba ya Moi kuliko ya shule. KTN ilipoanza 1990 ilikuwa ya watu wa Nairobi tu, sisi tunaisikia kwa mdomo wa binamu waliokuja Krismasi.

Antena ikivunjika, kifuniko cha sufuria. Unakining'iniza na waya, unakigeuza geuza. Kuna jioni mama alikuwa anapika na kifuniko kiko kwa paa, na hakuna mtu alikuwa tayari kupanda kukitoa kabla mpira uishe.

Na kibali! TV na redio zilikuwa na leseni ya kulipiwa. Ikisikika kwamba wakaguzi wako sokoni, mtaa mzima unaanika matandiko juu ya antena.

---

Mzawa wa Tanga

Mkuu wa Nyeri, sisi Tanga tulikuwa wenu kabisa kwa TV. Antena zetu nyingi zilikuwa zinaangalia Mombasa, chache zinaangalia Unguja na Pemba, na kulikuwa na nyumba ina mbili, ya kwao na ya shemeji zao. Mimi darasa la tatu naimba matangazo ya biashara ya unga na majani ya chai ya Kenya, bidhaa ambazo dukani kwetu hazipo. Mwalimu akiuliza rais wetu nani, kuna aliyejibu Moi.

---

Chura wa Msimbazi

Bibi yangu kutoka Kilwa alipoona mtangazaji kwenye TV mara ya kwanza alijitanda khanga kichwani, akasema "wanaume waingiapo hawabishi hodi?"

---

Mtoto wa Reli

Mkuu, hii ya bibi kila mtu anayo. Nimeshaisikia bibi akiwa Mchaga, Mmakonde, Mhaya. Ifike mahali tukubaliane ni bibi mmoja alikuwa anazunguka nchi nzima.

---

Chura wa Msimbazi

Sasa mkuu unaniambia bibi yangu hakujitanda? Nilikuwepo.

---

Dada wa Temeke

Naona mnaisimulia kwa raha. Wengi humu mlikuwa ndani. Mimi nilikuwa dirishani, acha niseme ya dirishani.

Mtaani kwetu kulikuwa na TV moja kwa muda mrefu. Kuingia kulikuwa na masharti: uwe umeoga, miguu mikavu, usilete mdogo wako anayelia. Halafu kulikuwa na masharti yasiyosemwa. Watoto wa mama mwenye TV walikuwa na zamu ya kuchota maji bombani, na wenyewe hawakuwahi kuchota tangu TV iingie. Tulichota sisi. Tulifua. Dukani tulitumwa sisi. Na ukigombana na mtoto wao kwenye kidali po mchana, jioni unaambiwa mbele ya wenzako: "wewe toka, hii TV ya kwenu?"

1996, Olimpiki ya Atlanta, fainali ya mpira, Nigeria na Argentina. Huku kwetu ilianza inakaribia saa tano usiku. Tumejaa dirishani, wakubwa nyuma, mimi niko kati kwapani mwa mtu. Argentina wanaongoza mbili kwa moja, Nigeria wanasawazisha, roho juu. Dakika za mwisho kabisa baba mwenye nyumba akasimama, akasema mbu wanaingia, akafunga dirisha. La mbao, si la kioo. Tukabaki tunaangalia mbao. Tulisikia tu mtaa wa pili wanalipuka kwa kelele, ndipo tukajua kuna goli, lakini la nani? Tumejibiwa na mlevi aliyekuwa anapita.

Aliyefunga lile goli la tatu ni Amunike. Baadaye akaja kuwa kocha wetu wa Taifa Stars, akatupeleka AFCON ya 2019 Misri. Siku anatambulishwa watu wote wanashangilia, mimi nalikumbuka lile dirisha.

---

Mlingoti

Dada wa Temeke, pole sana, na nimecheka pia, unisamehe.

Ila niwatetee kidogo wenye nyumba. Mama yangu jioni moja alihesabu kandambili mlangoni akaacha kuhesabu. Watu wakitoka, sebule ina mchanga, kuna mtoto amejisaidia nyuma ya kochi, na bili ya umeme inaletwa kwa jina la baba peke yake. Usipofungua wewe ni mchoyo, ukifungua huna nyumba. Baba yangu ilifika mahali anakula chakula chake chumbani ameketi kitandani kwa sababu sebuleni hakuna pa kukanyaga.

---

Dada wa Temeke

Angefunga baada ya goli, kaka. Baada ya goli hata mimi ningeenda kulala.

---

Mzee wa Mawe

Vijana mnaongelea TV, sisi Makete tulianza na redio, na hiyo redio nayo ilikuwa na adabu zake.

Ilikuwa ya National, ya mawe manne, yaani betri, ndani ya mfuko wa ngozi wenye vitundu. Mama akaishonea na kitambaa cha kufuma juu yake, mauwa mekundu. Ilikaa kwenye kimeza chake pembeni ya kiti cha baba, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu zaidi ya kupangusa vumbi. Baba alikuwa anafungua kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Matangazo ya vifo yalikuwa lazima, maana ndiyo ilikuwa njia ya kujua kama ndugu aliyeko Tanga au Mwanza amefariki na mazishi ni lini. Ikiisha, klik, na akiwa na wasiwasi nasi anatoa mawe kabisa anaondoka nayo mfukoni.

Mawe yakichoka hatukutupa. Tuliyaanika juani juu ya bati, wengine wanayaweka karibu na jiko. FundiSolda ataeleza vizuri, lakini yalikuwa yanafufuka kweli kwa muda. Ukiyaanika mara nyingi yanapasuka na kutoa maji meusi yanayokula waya za redio, hapo sasa ndipo utaeleza baba.

1973 kijijini tulikuwa na kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima walihudhuria watu kama milioni 2. Jioni mnakaa mbele ya redio moja, mnasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, mwenyekiti ana kijitabu anasoma, mnajadili malaria, maji, kichocho, halafu kesho mnatoka na majembe. Choo chetu cha kwanza cha shimo kilichimbwa kwa sababu ya redio. Baba alikuwa haamini daktari wa wilaya lakini alikuwa anaiamini redio.

Na redio ndiyo iliyotuletea mazito. Novemba 1978 Mwalimu anatangaza kwamba Amin tutampiga, wanaume wamesimama uani kwetu, hakuna anayekohoa. Halafu Aprili 12, 1984, ile jioni ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine. Sauti ya Mwalimu yenyewe ilikuwa imeshakueleza kabla hajafika kwenye jina. Baba alizima, hakutoa mawe, akatoka nje akakaa gizani. Nilikuwa mkubwa tayari lakini sikumfuata.

---

Mkeka wa Mbele

Mzee wa Mawe shikamoo. Andika kitabu.

---

Mzee wa Mawe

Marahaba. Kitabu nani atasoma.

---

FundiSolda

Mzee shikamoo. Mawe yale ya zinki na kaboni yakitumika haraka, ndani yanajikusanyia uchafu wa kemikali unaozuia umeme kutoka. Ukiyapumzisha yanapata nafuu yenyewe, na joto linaharakisha. Nguvu iliyobaki ndani ndiyo inapata njia ya kutoka, hakuna mpya inayoongezeka. Ndiyo maana mara ya kwanza unapata taarifa ya habari nzima, mara ya pili muhtasari.

---

Kaseti ya Matrah

Mimi nimezaliwa Muscat, wazee wangu wa Pemba. Kitu cha kwanza kikubwa nyumbani kilikuwa rediokaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi. Baba hakuinunua kwa ajili ya muziki. Simu ya kwenda Pemba ilikuwa ghali na huko wenyewe hawana simu, barua bibi hajui kusoma. Basi Ijumaa baada ya chakula tunakusanyika, baba anabonyeza nyekundu, kila mtu anamsalimia bibi kwa zamu. Mama akimaliza salamu anaanza habari za ndoa ya fulani, baba anamwonyesha kwa mkono kwamba kanda inaisha, mama anaongeza kasi.

Kaseti inapewa mtu anayesafiri. Miezi inapita, inarudi ile ile. Bibi karekodi juu ya sauti zetu, na nyuma yake unasikia jogoo, mtu anapita anauliza "mnafanyani?", na mvua kwenye makuti. Upande wa pili mara nyingine ilibaki sauti yetu ya zamani mwishoni, mimi nina miaka minne naimba Alfabeti ya Kiarabu.

Ninazo bado. Mashine ya kuzichezea ndiyo sina.

---

Mama wa Barafu

Kwetu Sinza ilikuwa friji, na friji lilikaa sebuleni. Msicheke, nani angelificha jikoni? Likavishwa kitambaa, juu yake maua ya plastiki na picha ya harusi. Wageni wanakaribishwa kwenye kochi linalotazama friji.

Mama alikuwa ameshalipigia hesabu kabla halijafika. Wiki ile ile likaanza kazi: barafu za ukwaju, za ubuyu, za maziwa, kwenye vifuko vya nailoni vinavyofungwa fundo. Mimi na dada zangu tumefunga mafundo mpaka vidole vikafanya sugu. Ramadhani kibarazani watoto wamejipanga na bakuli wanataka barafu la maji la futari. Ada yangu ya sekondari imetoka mle. Chakula chetu wenyewe kilikuwa hakina nafasi, samaki tulikuwa tunakaanga siku hiyo hiyo maana "friji ni la biashara".

Mgao wa umeme wa 1994 ndio ulitaka kutuua. Barafu likiyeyuka usiku, asubuhi unanyweshwa ubuyu bila kupenda, glasi kwa glasi, usiharibike.

---

Mtoto wa Reli

Mama wa Barafu, babu yangu alikuwa mpishi misheni, wao walikuwa na friji la mafuta ya taa. Alikuwa anaapa kwamba moto ndio unaoleta baridi, kijiji kizima kikamwona mwongo mpaka anakufa.

---

FundiSolda

Alikuwa anasema kweli. Taa ya chini inachemsha amonia iliyo ndani ya maji, amonia inapanda kama mvuke, inapoa nyuma ya friji inakuwa majimaji, halafu ikigeuka tena mvuke ndani inanyonya joto la chakula. Hakuna mota wala kelele. Utambi ukitoa moshi tu, baridi inakata. Mpishi mzuri alikuwa anajua kukata utambi vizuri kuliko kupika.

---

Namba Moja Tisa

Ya kwetu fupi. Simu ya mezani, Upanga, ya kuzungusha namba kwa kidole. Tulisubiri laini miaka na miaka, ilipokuja baba akaifunga kufuli dogo kwenye tundu la namba ili tusipige, tupokee tu. Kaka yangu akagundua kwamba ukigonga kile kitufe kinachokaa mkono wa simu, mara tano kwa haraka ni tano, mara mbili ni mbili, sifuri ni mara kumi. Alikuwa anampigia mchumba wake Mwanza kwa kugonga. Bili ilipofika baba aliangalia kufuli, akaangalia bili, akaangalia kufuli. Akabadilisha kufuli, akanunua kubwa zaidi.

---

Chura wa Msimbazi

😂😂 Kubwa zaidi! Huyo mzee angeishi enzi za kubipu angepata presha. Vodacom ilipoanza 2000 mtaani kwetu simu ilikuwa moja kiunoni mwa muuza nyama, anaiacha makusudi iite mpaka watu wote wageuke.

---

Kijana wa Goba

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Nimerithi TV ya chogo kwa mjomba, ina kabati lake la mbao, imekaa stoo tangu mitambo ya zamani izimwe Dar ile Desemba 31, 2012. Nikiiwasha inawaka, nasikia mlio mwembamba, chenga zipo. Inaweza kuonyesha tena au niipeleke kwa wauza vyuma chakavu? Nataka kuifungua nyuma nione.

---

FundiSolda

Marahaba. USIIFUNGUE. Kioo cha chogo kinatunza umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa ukutani, nimemwona mwanafunzi wangu ametupwa mpaka kwenye ukuta wa banda. Vumbi lifute kwa nje tu.

Ikitoa chenga na sauti ya "shhh" basi ni nzima, inakosa cha kuonyesha tu. Tafuta king'amuzi chenye matundu matatu ya nyekundu, nyeupe na njano. Angalia nyuma ya TV kama kuna tundu la njano. Likiwepo, unganisha, tafuta AV, umemaliza. Lisipokuwepo, utahitaji kile kidude cha kugeuza kwenda waya wa antena, Kariakoo bado kinapatikana, ukiuliza maduka mapya watakuambia hakipo, uliza mafundi wa ndani. Kisha itafute kwenye chaneli ya 3 au 4, polepole, kwa ile gurudumu ndogo iliyo nyuma ya kifuniko mbele.

Nipigie picha ya nyuma, na uangalie waya wa antena kama ni wa duara au ni ule bapa wa nyaya mbili. Ukiwa bapa kuna kitu kingine cha kuongeza.